Mtoto Mbele ya Kioo

Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 4:16–30

  Leo nataka kuzungumza nanyi habari za picha 11 zilizopigwa hapa kwetu Manyatta, Kisumu, mwezi wa Juni mwaka 2024. Ndani ya habari hizi mna jambo langu la kuungama, kwa hiyo nawaomba mnivumilie.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kijana mmoja wa kwaya yetu, ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi na za matanga, alikuja ofisini kwangu akanionyesha katika simu yake kazi ya mpiga picha aitwaye Donna Stevens, mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi New York. Bibi huyo aliwapiga picha watoto wadogo walipokuwa wakitazama televisheni. Televisheni yenyewe huioni. Unachokiona ni uso wa mtoto tu, karibu sana, giza limeuzunguka, nao umeangazwa na ile nuru ya kioo, mara buluu, mara kijivu. Macho yametulia mahali pamoja. Picha hizo alizipa lile jina la dhihaka ambalo wasemao Kiingereza huiita televisheni, yaani sanduku la wajinga.

Nilipoziona nilishtuka, na niseme kweli, nilifurahi pia. Nilifurahi kama mhubiri anavyofurahi apatapo mfano mzuri siku ya Ijumaa, wakati mahubiri ya Jumapili bado hayajakamilika. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiwaonya wazazi juu ya televisheni, na wazazi walikuwa wakiitikia "Amina" na kurudi nyumbani kuiwasha. Basi nikamwambia yule kijana, "Je, waweza kuwapiga watoto wetu namna hiyo hiyo?" Akasema aweza.

Akaenda nyumba kwa nyumba kwa majuma matatu. Kazi hiyo ina ufundi wake. Hakutumia taa ya kamera, kwa maana taa hiyo ingeua nuru ya kioo. Aliikalisha kamera juu ya miguu yake mitatu, kando ya televisheni, akaacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu kidogo ili ile nuru hafifu iingie ya kutosha. Kwa njia hiyo, kitu kinachotulia hutokea wazi, na kitu kinachosogea hutokea kama moshi. Kijana aliniambia kwamba watoto hawa walimpa kazi rahisi kuliko maharusi wote aliowahi kuwapiga. Walitulia wenyewe.

Mimi nilikumbuka siku zetu. Tulipokuwa watoto tulipelekwa studio mjini, tumepakwa mafuta mpaka magoti yang'aa, tukasimamishwa mbele ya pazia la maua, na mpiga picha akatuamuru, "Tazama hapa! Usipepese!" Tulipepesa, tukapigwa kofi na mama, tukasimama tena. Picha hizo ziko hata leo katika kuta za nyumba za wazazi wetu, na kila mtoto aliyemo anakutazama wewe unayemtazama. Lakini picha hizi 11 hazikuwa hivyo. Mtoto alitazama kando yako. Unaweza kusimama mbele yake saa nzima, naye hana habari nawe.

Basi nikafanya nililofanya. Nilizichapisha kubwa, nikazitundika katika ukuta wa jumba la kanisa, na juu yake nikaandika kwa herufi nyekundu: ANGALIENI WATOTO WENU. Jumapili hiyo nilihubiri kutoka Zaburi ya 115, habari za sanamu zilizo na macho lakini haziwezi kuona, na jinsi wanaozitumaini wanavyopata kuwa kama zilivyo. Watu walisikiliza kwa makini kuliko kawaida. Baada ya ibada walikwenda kuzitazama picha, na wengine walicheka, na wengine walinyoosha vidole wakitaja, huyu ni wa fulani, yule ni wa fulani. Wazazi walikuwa wamekubali watoto wapigwe picha. Hakuna aliyeulizwa habari za ukuta. Jambo hilo sikuliona siku ile.

Siku ya Jumatatu asubuhi mama mmoja aliingia ofisini, na picha ya mwanawe imekunjwa chini ya kwapa. Mwana huyo ana miaka mitano. Mama ni muuza samaki.

"Pasta," akasema, "hii nimeitoa ukutani mwenyewe. Kama ni wizi, nisamehe."

Nikamwambia, "Mama, keti kwanza."

"Sitaketi, nimeacha samaki juani. Umeandika pale, angalieni watoto wenu. Mimi nimwangalie saa ngapi? Alfajiri niko Dunga, nangoja mashua. Mchana napara magamba. Jioni niko Kondele kando ya barabara, nakaanga mpaka saa tatu usiku. Ile televisheni ndiyo yaya wangu, Pasta. Hainidai mshahara, wala haimpigi mtoto. Mtoto akiwa mbele yake najua hayuko barabarani, na jirani ana ufunguo."

Sikuwa na neno. Akaikunjua picha juu ya meza yangu, juu ya Kitabu cha Sala kilichokuwa hapo, akaitazama kwa muda.

"Tena uso huu mimi siujui. Ni wa mwanangu, lakini sijawahi kuuona. Nikifungua mlango anageuka. Kila siku anageuka. Kijana wako angengoja kidogo angeona."

Kisha akaikunja tena akatoka.

Ndugu zangu, nimesoma chuo cha theolojia, nimefundishwa namna ya kuhubiri na namna ya kuwatembelea wagonjwa, lakini siku ile nilikaa kwenye kiti changu kama mtoto aliyeshindwa hesabu. Nilikuwa nimeutwaa uso wa mtoto wa mtu na kuufanya ubao wa kumshtaki mama yake, tena mbele ya majirani. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimekwisha kuzishusha zile 10 zilizobaki.

Jioni ya Alhamisi mimi na mke wangu tulikwenda kwa mama huyo, kwa ruhusa yake. Jirani alitufungulia. Ni ploti ya milango mingi, ujia mmoja katikati, na kila mlango una pazia. Mtoto alikuwa ameketi mkekani. Nami nikaketi mkekani karibu naye, jambo ambalo kwa umri wangu magoti hayalipendi, nikaanza kutazama alichotazama.

Kilikuwa ni kipindi cha katuni katika Akili Kids!, ile stesheni ya watoto iliyoanza hapa Kenya mwaka 2020, isiyolipiwa. Na hapo nikagundua jambo ambalo picha haikuniambia. Mtoto alikuwa akisema! Katuni ikiuliza, yeye anajibu. Ikihesabu, anahesabu pamoja nayo, kwa sauti ndogo, midomo haifunguki sana. Kule ukutani nilikuwa nimemhukumu kama bubu.

Lakini sitaki kuwadanganya kwa upande wa pili. Kipindi kile kilipokwisha, mtoto alibonyeza kidude, ukatokea mchezo wa mieleka, watu wazima wakipigana kwa viti. Akaendelea kutazama kwa uso ule ule. Mbu alitua shavuni mwake akanywa akashiba, naye hakumfukuza. Nilimwita jina lake mara ya kwanza, kimya. Nikamwita mara ya pili, kimya.

Ilipofika saa tatu kasoro, mtoto huyo huyo asiyesikia jina lake akageuka kuelekea mlangoni. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Mke wangu naye hakusikia. Baada ya muda kidogo ndipo tukasikia kandambili ujiani, na mama akaingia na karai lake kichwani, ananuka mafuta ya samaki. Mtoto alikuwa amekwisha kusimama. Mnaijua Yohana 10. Sina haja ya kuieleza.

Tangu usiku ule nimefikiri sana habari ya nyuso na vioo, nami nitawaambia machache niliyoyapata.

Wako watu wengine waliofanya kazi kama ile ya Donna Stevens. Mwingereza mmoja, Robbie Cooper, mwaka 2008 aliweka kamera kana kwamba iko nyuma ya kioo chenyewe, akawapiga watoto waliokuwa wakicheza michezo ya kompyuta. Hao wanakutazama usoni kabisa, na kwa sababu hiyo picha zake zinatisha zaidi: mmoja amekunja uso kama mtu aliye vitani, mwingine machozi yanamtoka. Na miaka 30 kabla yake, mwaka 1978, huko Latvia, Herz Frank alitengeneza filamu ya dakika 10 hivi inayoonyesha hasa uso wa mvulana mdogo aliye gizani akitazama mchezo wa vikaragosi. Hofu inakuja, furaha inakuja, hofu inarudi. Vikaragosi wenyewe hatuonyeshwi. Hapo hapakuwa na televisheni hata kidogo, lakini uso wa mvulana yule ungeuweka katika ukuta wangu, hakuna mshirika hata mmoja ambaye angesema, "Huyu hafanani na wenzake."

Sisi wenyewe je? Mimi nilipokuwa mvulana, televisheni katika mtaa wetu zilihesabika. Jirani mmoja alikuwa nayo, ya rangi nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Stesheni ilikuwa moja tu. Sauti ya Kenya ilikuwa imekwisha kuitwa KBC, tangu mwaka 1989, ingawa wazee waliendelea kusema "VOK". Jirani aliwaingiza ndani watoto waliooga. Sisi wengine tulisimama dirishani, vichwa vitano katika dirisha moja, tukatazama Vitimbi. Tulibishana sana kwamba Mzee Ojwang' ni mtu wa kwetu, kwa jinsi alivyokitamka Kiswahili. Tulikuwa wakubwa tulipojua kwamba jina lake ni Benson Wanjau, naye ni Mkikuyu. Nadhani lau mtu angetupiga picha pale dirishani, angetuita wajinga pia. Lakini tulikuwa wengi, tulisukumana, tulicheka pamoja, na mama wa mmoja wetu alipoita kutoka mbali sote tulikimbia. Mtoto wa yule mama ana kitu bora kuliko chetu, chenye rangi na stesheni nyingi, tena yuko peke yake.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionekana kwamba nyumba kama 4 katika kila 10 hapa Kenya zina televisheni. Mwaka huo huo Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Ni shauri jema, nami naliheshimu. Ila muuza samaki wa Kondele ukimpa saa moja, ujue una saa nne nyingine za kumjazia. Halafu mwaka uliofuata, 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, ni sisi sote tuliowaambia watoto wakae mbele ya televisheni wapate masomo. Sisi wachungaji tulifanya zaidi ya hapo. Tulihubiri kupitia vioo, tukawasihi washirika watutazame, na hakuna aliyetuhubiria Zaburi ya 115.

Sasa twende kwenye somo letu. Mtakatifu Luka anatueleza habari za Bwana Yesu katika sinagogi la Nazareti, mahali alipolelewa. Alisimama, akapewa chuo cha nabii Isaya, akasoma. Akakifunga, akamrudishia mtumishi, akaketi. Na hapo Luka anasimama kidogo ili atuonyeshe watu, nao wote wamemkazia macho. Fikirini lau kijana wetu angekuwepo na kamera yake! Nyuso zimetulia, macho hayapepesi, kila mtu anamtazama Mwana wa Mungu. Picha hiyo tungeitundika makanisani mwetu na kuandika chini yake, IMANI. Lakini endeleeni kusoma sura hiyo hiyo. Watu wale wale, kabla ya ibada ile kuisha, wamejaa ghadhabu, wamemtoa nje ya mji, na wanampeleka ukingoni mwa kilima wamtupe chini. Macho yaliyokaza yalimwona mwana wa Yusufu tu.

Kwa hiyo mimi siwezi tena kusema kwamba naujua moyo kwa kuutazama uso uliotulia. Katika zile picha 11 ilikuwapo moja ya msichana wa miaka sita. Tuliiona kama nyingine zote. Ndipo baadaye kijana akaniambia aliipiga jioni ya tarehe 25 Juni 2024, siku ile waandamanaji walipoingia katika Bunge la Nairobi, na watu wakapigwa risasi wakafa, na habari zikaonyeshwa zote. Msichana yule alikuwa akitazama hayo. Mwenzake wa picha iliyokuwa kando yake alikuwa akitazama katuni ya paka. Jumapili nzima tulipita mbele ya nyuso hizo mbili, mimi na wazee wa kanisa na akina mama wa Muungano, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, "Mtoto huyu, ulimwonyesha nini?" Tulikuwa tumekwisha kujua jibu kabla ya kuuliza. Nilimtafuta baadaye babu anayemlea. Akasema kwa majuma mawili alikuwa akiamka usiku.

Ndugu msikilizaji, hilo ndilo linalonichoma. Sijui kama mtoto huyo angeacha kuogopa lau ningeuliza mapema. Lakini angekuwa ameulizwa.

Wengine mtataka kujua tulifanya nini baadaye. Tulifanya kidogo. Akina mama wa Muungano walikubali kukaa na watoto katika jumba la kanisa siku tatu za juma, tangu saa kumi na moja jioni, kwa zamu. Juma la kwanza walikuja watoto 34. Juma la tatu walikuja tisa, kwa maana tulikuwa tukiwaimbisha mno na kuwakemea mno, na mtoto mmoja alituambia waziwazi kwamba televisheni ni afadhali. Tokeni za stima nazo ziliisha tukakaa gizani. Siku hizi tumewaachia wacheze zaidi, na mzee mmoja huwasimulia habari za sungura na fisi, naye ndiye anayewaleta kuliko sisi wote. Wengine bado wako nyumbani mbele ya kioo, nami nikipita jioni naona madirisha yana ile nuru ya buluu, mlango baada ya mlango. Sipigi tena kelele. Hubisha hodi, nikaketi, nikauliza yule ni nani na huyu anafanya nini, na watoto hunieleza mpaka nachoka. Mara moja walinikemea kwa sababu nilizungumza wakati mbaya.

Picha nilizirudisha kwa wazazi, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja niliomba radhi. Baba mmoja alikataa kuipokea, na nyumbani kwake sijakaribishwa mpaka leo. Ana haki yake.

Na yule mama muuza samaki alimwendea kijana wetu wa kwaya kwa siri, akamwambia, "Njoo tena. Ila safari hii usiondoke mpaka nimerudi." Kijana akaenda. Akaikalisha kamera yake pale pale, kando ya televisheni, bila taa, akangoja mpaka usiku. Mtoto alipogeuka, akapiga. Na kwa sababu mtoto alisogea, picha imetokea kama nilivyowaeleza, kama moshi. Huoni pua, huoni macho vizuri, unaona nuru tu iliyovutwa kuelekea mlangoni. Kijana aliona haya, akataka kuirudia. Mama akakataa. Ameitia katika fremu ya kioo, iko ukutani juu ya televisheni, na mgeni akiuliza ni nani, anajibu, "Ni mwanangu."

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, jioni hii wako watoto walio peke yao Manyatta, na Nyalenda, na Obunga, na kandokando ya ziwa lote. Uwalinde na moto, na mwizi, na yale wanayoonyeshwa ambayo hawawezi kuyabeba. Wakumbuke mama zao walio kando ya barabara, samaki wao wanunuliwe mapema, uwafikishe nyumbani watoto kabla hawajalala. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.